Lugha Yenye Wasemaji Wengi na Wasomaji Wachache

Jioni ya leo tuzungumze juu ya kujifunza Kisukuma. Natambua kwamba wengi mtashangaa, maana huku Binza, mkoani Simiyu, mtoto hukijua Kisukuma kabla hajaanza shule. Gulioni, mnadani, msibani na kwenye ngoma, lugha ni hiyo hiyo. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilihesabu wasemaji wa Kisukuma kuwa zaidi ya milioni 5, na hakuna lugha nyingine ya kabila nchini inayoifikia idadi hiyo. Kwa hiyo mtu akiuliza, kitu kinachojulikana na watu milioni 5 atafundishwa nani, ameuliza swali la haki. Jibu langu ni kwamba watafundishwa hao hao milioni 5. Kisukuma ni lugha yenye wasemaji wengi mno na wasomaji wachache mno, na nitajaribu kuonyesha kwamba pengo hilo linatukosesha mambo makubwa: nyimbo, sheria na elimu ya ardhi yetu wenyewe.

Mfano bora wa jambo hili hauko Afrika. Uko Mexico, katika lugha ya Kinahuatl, ambayo ndiyo waliyosema Waazteki. Wahispania waliuteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521. Mwaka 1536 walifungua chuo huko Tlatelolco kwa ajili ya watoto wa wakuu wa Wanahua, yaani wasemaji wa Kinahuatl, na vijana wale wakatoka wakiandika lugha tatu: Kinahuatl chao, Kihispania na Kilatini. Mwaka 1547 padri Andrés de Olmos alikamilisha sarufi ya Kinahuatl. Sarufi ya kwanza ya Kiingereza kuchapishwa ilitoka mwaka 1586, karibu miaka 40 baadaye. Mwaka 1571 padri Alonso de Molina akachapisha kamusi kubwa ya Kinahuatl na Kihispania. Naye Bernardino de Sahagún aliwakalisha wazee wa Tepepulco na Tlatelolco, akawauliza juu ya dini, tiba, wanyama, mazao na vita, na wanafunzi wake Wanahua, akiwamo Antonio Valeriano, wakayaandika majibu kama yalivyosemwa. Matokeo yake ni vitabu 12 ambavyo leo vimo katika maktaba moja ya Florence, Italia. Mapadri hawa hawakufanya hivyo kwa kuipenda lugha tu. Walitaka kubadilisha dini ya watu, na nyuma yao kulikuwa na jeshi. Hilo lisifichwe. Lakini kazi ile ilikuwa na upande ambao hawakuupanga: Wanahua wenyewe walishika kalamu. Kwa zaidi ya miaka 200 makarani wa vijiji vyao waliandika wosia, hati za kuuza mashamba, kumbukumbu za mabaraza na malalamiko kwa watawala, yote kwa Kinahuatl.

Sasa tuangalie kwetu. Kisukuma nacho kimechunguzwa, tena na watu hodari. Maelezo ya sarufi yake yalichapishwa Berlin mwaka 1898, kwa Kijerumani. Mwaka 1959 Irvine Richardson alitoa London kitabu kizima juu ya toni za Kisukuma, kwa Kiingereza. Mwaka 1985 Profesa Herman Batibo, Mtanzania na mmoja wa wanaisimu wakubwa wa bara hili, alichapisha Paris uchambuzi wa sauti na maumbo ya maneno ya Kisukuma, kwa Kifaransa. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, alikusanya sheria na desturi za Wasukuma na kuzitoa mwaka 1953, kwa Kiingereza. Kijana wa Nkololo au Dutwa anayetaka kujua lugha ya bibi yake imejengwaje anahitaji kwanza lugha tatu za Ulaya. Simlaumu mwandishi yeyote katika hao. Kila mmoja aliandika kwa lugha ya wasomaji aliokuwa nao, na bila wao tungekuwa na kidogo zaidi. Ninachosema ni kwamba katika orodha hiyo karani wa kijiji hayumo. Hatukupata makarani wa Kisukuma walioandika wosia na mipaka ya mashamba kwa lugha yao kizazi baada ya kizazi, kwa hiyo sheria yetu ya kale tunaisoma kama ilivyoeleweka na ofisa mmoja aliyeiuliza kwa wazee.

Hapo ndipo msikilizaji makini atakaponiambia: sawa, lakini kusoma Kisukuma si kazi ngumu. Anayejua kusoma Kiswahili na anayekisema Kisukuma ataunganisha mawili hayo bila mwalimu. Hoja hii inaaminika haraka, na ndiyo inayotakiwa kujibiwa kwa uangalifu kuliko zote. Kisukuma kina irabu saba. Kiswahili kina tano, na herufi za Kiswahili ndizo ambazo wengi wetu huzitumia tunapoandika Kisukuma katika ujumbe wa simu, katika mabango ya ngoma na hata katika vitabu vya sala. Irabu mbili hukosa makao, zikabanana na jirani zake. Zaidi ya hapo kuna toni. Katika Kisukuma sauti ya kupanda si pambo la matamshi, ni sehemu ya neno na ya sarufi, na tena ina tabia iliyowafanya wanaisimu duniani kuitazama lugha hii kwa miaka mingi: toni ya juu inayotoka kwenye kiini cha neno haisikiki pale ilipozaliwa, husogea mbele silabi mbili hivi, wakati mwingine ikaingia katika neno linalofuata. Msemaji wa Bariadi hufanya hivyo mara elfu kwa siku bila kufikiri. Lakini mwandiko wetu wa kawaida hauonyeshi toni hata moja. Maana yake ni kwamba maandishi ya Kisukuma yanasomeka tu na mtu ambaye tayari anajua yanachotaka kusema.

Kwa msemaji wa leo hali hiyo inatosha. Kwa mjukuu aliyekulia Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam haitoshi, wala haitatosha kwa yeyote atakayesoma baada ya miaka 100. Wanahua walikutana na shida hii hii. Waandishi wengi wa kale waliacha kuonyesha urefu wa irabu na kile kituo kidogo cha koo ambacho katika Kinahuatl hubadilisha maana. Mwaka 1645 padri Mjesuiti, Horacio Carochi, alitoa sarufi iliyoweka alama hizo kwa makini, na hadi leo wanaochambua maandiko ya kale humrudia yeye ili wajue neno lilitamkwaje. Alama anazoona mwanafunzi mvivu kuwa usumbufu ndizo zilizookoa maana. Utafiti wa alama kama hizo kwa Kisukuma upo tayari, umefanywa na Richardson, Batibo na wengine waliowafuata. Kinachokosekana ni watu wa hapa wanaozijua alama hizo na kuzitumia.

Na wakishazijua, watasoma nini? Nianze na nyimbo, kwa sababu huko ndiko utajiri ulikolala. Mashindano ya vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, yamezalisha manju, yaani baningi, kwa vizazi kadhaa, na ngoma haikuwa starehe ya msimu wa mavuno tu. Ilikuwa gazeti, mahakama na shule. Mwaka 2010 mtafiti wa muziki Frank Gunderson alichapisha mkusanyiko wa nyimbo za kazi za Wasukuma, zaidi ya 300, zenye maneno ya Kisukuma na tafsiri ya Kiingereza. Mna nyimbo za wapagazi waliotembea hadi pwani, za wawindaji wa tembo, za bayeye wanaojua nyoka na dawa zake, za banunguli waliochimba mashimo kumfuata nungunungu, za vikundi vya kulima na za zao la pamba. Ukizisoma kwa tafsiri utapata habari. Hutapata kejeli, mizaha ya majina, wala namna manju anavyolipinda neno ili mshindani wake apate aibu mbele ya umati. Nyingi zina maneno ya kazi ambazo hazifanywi tena, na vijana wanaosema Kisukuma vizuri kabisa huhitaji kuelezwa. Huko Mexico mna kitabu cha mkono cha karne ya 16 kiitwacho Cantares Mexicanos, chenye nyimbo 91 za Kinahuatl. Kilikaa karne nyingi bila kusomwa ipasavyo, hadi wasomi wa Mexico kama Ángel María Garibay na mwanafunzi wake Miguel León-Portilla walipokifungua katika karne iliyopita. Walikifungua kwa kutumia sarufi na kamusi za akina Molina na Carochi. Nyimbo peke yake, bila sarufi iliyoandikwa, zingebaki milio.

Ardhi nayo ina maktaba yake. Mabwana kilimo wa enzi za Waingereza, walipotaka kueleza udongo wa Usukuma, waliona kwamba wakulima wana mpango kamili wa majina kuanzia mlimani hadi bondeni: isanga, luseni, itogolo, ibambasi, mbuga na mengineyo. Waliyaingiza majina hayo katika vitabu vyao, na kitabu cha Rounce cha mwaka 1949 juu ya kilimo cha kanda hii kinayatumia kama istilahi za kisayansi, kwa kuwa kila jina linabeba habari ya maji, ya ugumu wa kulima na ya zao linalofaa. Fikiria pia ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wayakute wakati wa kiangazi. Utaratibu huo ulidhoofika sana, na watafiti wengi wanataja operesheni ya kuhamia vijijini ya miaka ya 1970 kuwa mojawapo ya sababu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, katika mkoa ambao wakati ule ulikuwa na Bariadi, Maswa na Meatu ndani yake, na mafanikio yalikuja pale mradi ulipoacha kutegemea mashamba ya miti ya kigeni na kurudi kwenye ngitili za wananchi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto. Ujuzi huo ulikuwapo siku zote katika mazungumzo ya wazee. Haukuwapo katika maandishi ambayo mpangaji wa mradi angeyafungua mezani, na kwa hiyo ilibidi ugunduliwe upya kwa gharama kubwa.

Pingamizi la pili ninalisikia kwa wasomi zaidi kuliko kwa wakulima. Wanasema tunahangaika bure, Kisukuma hakifi. Na ni kweli hakifi. Profesa Batibo mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya kufifia na kufa kwa lugha za Afrika, ameonyesha kwamba lugha ndogo ndizo zilizo hatarini, na mara nyingi zinamezwa na lugha kubwa za Kiafrika. Kisukuma kimo katika kundi la hizo kubwa. Wafugaji wa Kisukuma wamekipeleka Katavi, Rukwa, Mbeya, Morogoro hadi Lindi. Basi sitawatisha kwa kilio cha lugha inayozikwa. Ila naomba tutazame Kinahuatl kwa mara nyingine. Sensa ya Mexico ya mwaka 2020 ilikuta wasemaji zaidi ya milioni 1.6. Nacho hakifi kesho. Lakini mwanahistoria James Lockhart na wenzake walipoingia katika nyaraka za Kinahuatl na kuandika upya historia ya Wanahua baada ya uvamizi, kazi iliyotoka mwaka 1992, wasomaji wa nyaraka zile walikuwa maprofesa wa vyuo vya Marekani. Wasemaji wa lugha ile ile, huko vijijini Veracruz na Puebla, walikuwa wamesomeshwa kwa Kihispania tupu na hawakupewa hata darasa moja la kusoma wosia wa babu zao. Lugha iliishi midomoni, maktaba yake ikafungwa kwa wenyewe. Hiyo ndiyo hatari inayotuhusu sisi wa lugha kubwa, na wingi wa watu hautukingi nayo.

Karibu zaidi na hapa, ng'ambo ya maji, tuna Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu ya Kikerewe juu ya Myombekere na Bugonoka, kazi inayoeleza maisha ya kisiwa kile kwa undani usio na mfano. Hakupata wa kuichapisha kwa Kikerewe. Uzeeni aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981. Watanzania wote tunashukuru kwa Kiswahili kile, lakini Kikerewe alichokiandika kilibaki mswada. Wachapishaji hawakuona wasomaji, na wasomaji hawakuwapo kwa sababu hakuna aliyewafundisha.

Lipo pingamizi zito zaidi, nalo ni la umoja wa taifa. Nchi hii ilichagua Kiswahili, na uchaguzi huo umetupa amani ambayo majirani wetu kadhaa wanaitamani. Baada ya sensa ya mwaka 1967 hatuulizani tena kabila katika kuhesabiana. Mtu akiogopa kwamba darasa la Kisukuma litakuwa mlango wa ukabila, hasa kwa kabila kubwa kama hili, anaogopa kitu chenye historia, na simdharau. Lakini tuangalie sera yenyewe inasemaje. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 haikuzitupa lugha za jamii. Ilielekeza kwamba wananchi na mashirika wahamasishwe kuzikusanya, kuzitafiti na kuziandika, na uandishi wa kamusi na sarufi zake uhimizwe. Sikusudii shule ya msingi ibadilishe lugha ya kufundishia. Nakusudia somo la watu wazima na vijana wanaotaka, linalofundishwa kwa Kiswahili, ili hata Mjita, Mnyiramba au Mmasai anayeishi Bariadi aweze kuingia. Ukabila hukua pale lugha inapokuwa siri ya wenyewe. Sarufi iliyoandikwa kwa Kiswahili huifungulia lugha mlango wa Mtanzania yeyote. Na Mexico inatufundisha kwamba kuzinyima lugha nafasi hakuleti umoja kwa lazima. Mwaka 1770 mfalme Carlos wa Tatu wa Hispania aliamuru Kihispania kitawale na lugha nyingine zizimike, na serikali za baada ya uhuru zikaendeleza nia hiyo mashuleni. Leo ni kama asilimia 6 tu ya Wamexico wanaosema lugha za asili, na watu hao wameendelea kuwa miongoni mwa maskini zaidi wa nchi. Mwaka 2003 bunge lao lilitunga sheria ya haki za lugha, baada ya hasara kubwa.

Juu ya lahaja nitasema machache. Ni kweli Kisukuma cha Bariadi, kile cha Wanantuzu, hakilingani na cha upande wa Mwanza wala cha Kiiya, mashariki ya Shinyanga. Lakini wasemaji wake wanaelewana bila mkalimani, na kusubiri kamati ichague Kisukuma kimoja sahihi ni njia ya uhakika ya kutofanya lolote. Katika mji wa Zacatecas, Mexico, taasisi iitwayo IDIEZ iliyoanzishwa mwaka 2002 iliwachukua wanafunzi wa chuo kikuu waliozaliwa na Kinahuatl cha Huasteca, ikawafundisha lugha yao kwa lugha yao, ikawasomesha pia nyaraka za kale, na mwaka 2016 ikatoka kamusi ambayo maelezo yake yote ni ya Kinahuatl. Walichagua lahaja waliyokuwa na walimu wake. Bariadi ianze na Kinantuzu, na Kishapu waanze na chao.

Hazina ya kuanzia ipo. Biblia nzima kwa Kisukuma ilitoka mwaka 1960. Kamati ya utafiti ya Ndoleleji, iliyofanya kazi pamoja na mapadri wa Maryknoll wa jimbo la Shinyanga, ilikusanya methali, vitendawili na hadithi nyingi. Bujora, kule Kisesa, kuna makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri David Clement. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kiko Mwanza, katikati ya wasemaji. Mkusanyo wa maandishi ya Cory umo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nakala zake zinaweza kuombwa zije Simiyu. Kinachotakiwa mwaka wa kwanza si jengo. Ni mwalimu mmoja aliyesomea isimu akae na wazee wawili watatu na kundi dogo la vijana waliomaliza kidato cha nne, wajifunze irabu saba na alama za toni, wachukue nyimbo 20 za manju wa hapa hapa Binza na kuziandika upya kwa alama kamili. Kisha washike orodha ya udongo ya mwaka 1949 na kutembea nayo kutoka vilima vya Itilima kushuka hadi mbuga za Meatu, wakiuliza kila mkulima analiitaje shamba lake, linalimwa vipi na linafaa zao gani, na kuandika majibu kwa Kisukuma na Kiswahili ubavuni. Maofisa ugani wa halmashauri wangekuwa wasomaji wao wa kwanza.